Doa Nililoliacha Makusudi

Jumapili, Agosti. Saa kumi na moja jioni.

Mlima haujaonekana leo kutwa nzima. Meru umejifunika tangu asubuhi, na yale manyunyu ya msimu huu yanakuja na kwenda, hayakuloweshi wala hayakuachi mkavu. Ni siku mbaya kwa dobi. Nguo nilizoanika Ijumaa bado zina unyevu kwenye mishono.

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye jubilei ya ndoa ya kaka yangu. Nimevua viatu tu, gauni bado ninalo mwilini. Nimeamua kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Nimefanya ubaya. Na nilifurahia kuufanya.

Mimi nina kibanda cha kufulia nguo nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Sekei. Nina mabeseni, mashine moja, na Mama Juli anayenisaidia kupiga pasi. Watu huniletea nguo ambazo wengine wamezikatia tamaa. Kazi hii sikujifunza chuoni. Alinifundisha mama.

Mama alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na vitenge pea kumi na moja, joho lake la kwaya, na koti la sufu la kijani alilolichagua kwenye mtumba nikiwa darasa la pili. Koti lile alilivaa kila msimu wa baridi mpaka nikawa mtu mzima, na halikuwahi kutoka hata uzi. Alilifua mara moja kwa mwaka, kwa maji ya vuguvugu, bila kulikamua. Alilikunja ndani ya taulo na kulibana polepole, kisha akalilaza kwenye mkeka kivulini. Vitenge alivigeuza ndani nje kabla ya kuvianika ili jua lisile rangi. Kila Januari, mvua zikikata, alifungua sanduku akatoa kila kitu kipate upepo, akabadilisha majani makavu ya mwarobaini, halafu akakunja upya kwa kuhamisha mikunjo. "Nguo hukatikia pale unapoikunja kila siku," alikuwa akisema.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba sanduku ni langu. Lakini chumba nilichokuwa nimepanga wakati ule kilikuwa na ukuta unaovuja, na sanduku lile lisingemaliza masika salama. Nikamwomba wifi yangu Gladness, mke wa kaka Zablon, anitunzie kule nyumbani, juu ya Makumira, mpaka nitakapohama. Nikamwandikia na karatasi: Januari ufungue, uanike kivulini, ubadilishe majani. Akaikunja karatasi akaitia kwenye sidiria.

"Usijali, wifi. Nguo za mama ni nguo zangu."

Pasaka ya mwaka huu nikapanda kwenda kulichukua.

Ng'ombe wao alikuwa amezaa wiki ile. Zablon akanipeleka bandani nimwone ndama. Ndama alikuwa mzuri, mweusi, na baka jeupe usoni. Alikuwa amelalia koti la kijani.

Sikuuliza kitu pale. Nilianza kuangalia tu, kama mtu anayehesabu majeruhi baada ya ajali. Kitenge cha maua ya njano, alichovaa mama siku ya kipaimara changu, kilikuwa dekio la jikoni. Cha bluu kilikuwa kimechanwa vipande, na kipande kimoja kilikuwa cha kufutia pikipiki ya kaka. Kingine kilikuwa pazia la banda la kuku. Sanduku lenyewe lilikuwa limejaa pumba.

Nikaingia jikoni. Gladness alikuwa anamenya ndizi.

"Wifi, nguo za mama ziko wapi?"

Hakuinua macho. "Ah, zile? Panya walishaanza kuzila. Na nguo za marehemu nani anazivaa, wifi? Zilikuwa zinajaza nafasi tu."

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama kikombe chake cha chai.

Sikupiga kelele. Nilikula ndizi zao, nikaosha vyombo, nikaaga vizuri. Lakini kabla sijafika Sekei nilikuwa nimeshaapa. Niliapa kwa jina la mama, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza. Nikawa nalala na kiapo hicho na kuamka nacho. Nikipiga pasi shati la mteja, naona shingo ya Gladness. Naandika hivi bila kujipamba.

Mwezi wa sita akajileta mwenyewe.

Alikuja kibandani amekumbatia mfuko mweusi wa nailoni. Ndani kulikuwa na gauni lake la harusi. Yeye na Zablon walikuwa wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, jubilei ilishatangazwa kanisani, na alikuwa ameshamwambia kila mtu kwamba atavaa gauni lilelile kwa sababu bado linamwingia. Ni kweli linamwingia. Ila mara baada ya harusi alilikunja bila kulifua, akalifunga kwenye nailoni, akalitupa juu ya kabati. Miaka ishirini nguo haijapumua.

Nilipolitandaza mezani Mama Juli akaziba pua. Satini ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mikono ya lesi ilikuwa na ukungu, vitone vyeusi vidogovidogo. Kifuani kulikuwa na kutu ya pini. Na nyuma, chini kidogo ya kiuno, palimwagikiwa soda siku ile ya harusi. Soda mbichi huwa haionekani, mtu anafuta anasahau. Ikikaa miaka, sukari yake inaungua taratibu ndani ya nyuzi. Sasa lilikuwa doa la kahawia, kubwa kuliko kiganja changu.

"Nimeenda kwa madobi wawili mjini, wote wamekataa," akasema. "Wote wananiambia niende kwako."

Nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Nitalifua," nikamwambia. "Lakini kwanza niletee nguo za mama. Zote. Za ndama, za kuku, za pikipiki, hata lile dekio. Na utazifua wewe mwenyewe, hapa uani, kwa mkono, nikikuangalia."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

"Wifi, unataka kuniaibisha."

"Ndiyo."

Mama Juli akajifanya anatafuta vibanio.

Gladness alikuja Jumamosi tatu mfululizo, na viroba viwili vya matambara yaliyonuka zizi. Nilimweka palepale wateja wanapopita. Benchi ninalo, lakini nilimpa kigoda kifupi, kile kinachouma magoti. Mzee mmoja mteja wangu akauliza kama nimepata msaidizi mpya. Nikasema kwa sauti, "Hapana mzee, ni wifi yangu. Anafua nguo za mama mkwe wake. Zilikaa na ng'ombe." Gladness akazidi kuinamisha kichwa. Nilimletea maji, nilimletea sabuni, na kila alipokamua kitambaa na kuniinulia nikione, nilikinusa na kumwambia neno moja.

"Rudia."

Jumamosi ya kwanza nilikaa naye saa nne nzima, na sikuchoka. Sijui kama nimewahi kupata usingizi mzuri kama wa siku ile.

Jumamosi ya tatu ikawa zamu ya koti. Mkojo wa ndama ulikuwa umelila, sufu imejikaza, mikono imekuwa mifupi kama ya mtoto. Nilijua halitapona. Nilimfulisha hivyo hivyo. Maji ya nne bado yalitoka kahawia. Akaliinua. Nikalinusa.

"Rudia."

Mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Hilo neno," akasema.

Nikageuka kumtazama.

"Mama yako ndilo alilonipokelea. Nilikuwa na miezi minne ya ndoa, nina mimba ya Neema, natapika kila asubuhi. Akanipa koti hilihili nifue. Wamama wa kanisa wamekaa barazani wanakunywa chai. Nikampelekea, akalinusa, akalitupa kwenye tope mbele yao. Akasema, 'Rudia. Huko kwenu Ngaramtoni mmezoea kuosha ng'ombe, si nguo.' Nilirudia mara tatu siku ile. Mara ya tatu nikaanguka." Alinyanyua uso, na hakuwa analia. "Na wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi, na sare yako ya shule. Ulicheka, wifi."

Nilicheka. Nakumbuka. Nakumbuka hata nilichokuwa nakula, parachichi na chumvi. Miaka yote hiyo nimeitunza siku ile kichwani kama kichekesho cha nyumbani, jinsi mama alivyokuwa mkali kwa nguo zake.

"Alipokufa sikuligusa sanduku," Gladness akaendelea. "Mwaka mzima sikuligusa. Halafu nikaanza kuchomoa vitenge, kimoja kimoja. Wiki ya Pasaka ng'ombe akazaa siku ya mvua, Zablon akasema tafuta kitu ndama alalie. Nikaenda moja kwa moja kwenye koti. Sikwenda kwa kukosa gunia. Magunia yalikuwepo."

Hapo mtu mwema angesema pole.

Mimi nilisema, "Endelea, jua linaondoka."

Alimaliza kufua, akaanika, akaondoka bila kuniaga. Nami nikabaki uani natazama lile koti limelala kwenye mkeka, na hasira niliyokuwa nayo ilikuwa imeongezeka. Nilikuwa nimetegemea ipungue. Lakini niliwaza hivi: kwanza alininyang'anya nguo za mama, na sasa amekuja kuninyang'anya na mama mwenyewe. Kuanzia siku ile sikuweza tena kumkumbuka mama akikunja kitenge bila kuliona tope.

Nililianza gauni lake na hasira hiyo.

Nilipeleka gauni nje nikaupangusa ukungu kwa brashi laini, ili usisambae kwenye nguo za watu. Nikajaribu dawa kwanza kwenye pindo la ndani. Kutu niliitoa kwa limau na chumvi, nikasuuza haraka lisije likala lesi. Kisha nikaliloweka kwenye beseni kubwa, maji ya vuguvugu na unga wa kung'arisha usio na klorini, kwa sababu klorini ingeigeuza satini ile njano moja kwa moja. Chupa ya klorini ilikuwa rafuni. Niliishika. Nikairudisha, na msidhani niliirudisha kwa wema. Gauni lililoharibika kabisa asingelivaa.

Nilitaka alivae.

Siku tatu nilibadilisha maji. Weupe ukarudi kidogokidogo, kwanza kwenye pindo, kisha kifuani, kisha mikononi. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Mama Juli alileta mpaka jirani aje aone. Likabaki lile doa la nyuma. Lilikuwa limeshapauka, kingo zake zinaanza kuachia. Lilihitaji kulowekwa siku moja tu zaidi.

Nikalitoa kwenye maji.

Nililiacha kwa sababu nilijua lilipo. Mtu akijitazama kwenye kioo kwa mbele, halioni. Lakini akipiga magoti madhabahuni, kanisa zima linaliona. Mama Juli alinitazama, akatazama doa, akaniambia, "Dada, hapa bado." Nikamwambia hilo halitoki. Ni uongo wa kwanza niliowahi kusema kuhusu doa.

Kwa sababu ya baridi nililikausha chumbani kwangu, feni ikizunguka, nikalipiga pasi juu ya kitambaa chembamba, nikalifunga kwenye shuka jeupe la pamba. Nikaweka na karatasi: usilirudishe kwenye nailoni. Nilikuwa na uso wa kuandika hivyo.

Alhamisi Neema, binti yao mkubwa, akaja kulichukua.

"Shikamoo shangazi. Mama anasema asante sana."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie amependeza tayari."

Na leo nikaenda kanisani mapema nipate benchi la tatu.

Alipoingia na kaka, watu waliguna kwa kupendezwa. Kwa mbele alikuwa kama bibi harusi kweli. Wakafika madhabahuni, mchungaji akawaambia wapige magoti wabarikiwe. Wakapiga magoti. Nikalisikia kanisa likiliona doa. Minong'ono ilianzia upande wa akina mama ikasafiri mpaka kwenye kwaya.

"Angalia nyuma."

"Yesu wangu, amekalia nini?"

Raha ilikuja, siwezi kukana. Ilikuja yote kama nilivyoipanga. Ilidumu kiasi cha ubeti mmoja wa wimbo. Kisha Neema akainuka kwenye benchi la mbele, akanyoosha mkono aishushe shela ya mama yake ifunike lile doa. Na Gladness, akiwa bado amepiga magoti, bila kugeuka, akamshika binti yake mkono akaurudisha.

Nikaelewa kwamba alikuwa analijua.

Kwenye karamu nyumbani kwao tulikaa chini ya turubai, manyunyu yakigonga juu, tukila loshoro, yale makande ya maziwa mgando, na nyama. Ulipofika wakati wa shukrani Gladness akashika kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, akamshukuru mumewe ambaye alikuwa anatazama sahani. Halafu akasema:

"Na gauni hili mnaloliona, mbele na nyuma, limefuliwa na wifi yangu Eliwaza, dobi wa Sekei. Simama, wifi, wakuone."

Nikasimama.

Makofi hayakuja upesi. Akina mama walinitazama, wakamtazama yeye kwa nyuma, wakanitazama tena. Nusu yao ni wateja wangu. Mmoja alinong'ona kwa jirani yake na wala hakujisumbua kuziba mdomo. Nikiwa nimesimama pale nikasema moyoni, amenipata. Na kwa kweli nilimheshimu kidogo.

Nilimkuta baadaye jikoni peke yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anavua viatu.

"Uliliona lini?" nikamwuliza.

"Ijumaa. Neema ndiye aliyeliona."

"Kwa nini hukulirudisha? Kulikuwa na siku nzima."

Akaweka kiatu chini. Alikuwa amechoka, poda imemshuka kwenye shingo.

"Ningekuambiaje, Eliwaza? Ningekuambia rudia?" Akatikisa kichwa. "Hilo neno mimi silisemi. Si kwako, si kwa binti yangu, si kwa mkwe nitakayempata. Bora nivae na doa."

Mimi ninayejua kutoa damu, wino, kutu na mafuta ya gari, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza isiyo na uchafu. Akaniuliza:

"Umekula?"

"Nimeonja tu."

Akainuka pekupeku, na gauni lake, akachukua sahani akanipakulia. Aliijaza. Tukakaa jikoni tukila, mpaka akina mama walipoanza kuingia na masufuria.

Sasa nipo hapa kitandani, na nataka kuwa mkweli angalau kwenye ukurasa huu, hata kama kuna mteja wangu atausoma.

Bado nina hasira kuhusu koti. Bado namwona ndama. Mama yangu alimkosea msichana mjamzito mbele za watu, na mama yangu huyohuyo ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kwa upendo ambao sijaupata kwa mwingine, na sijui nifanyeje na wote wawili. Kicheko changu kwenye ngazi ni changu, hakuna wa kumsingizia. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua.

Zile Jumamosi tatu, nikijichunguza, sizijutii. Labda nitazijutia mwakani. Doa nalijutia, na si kwa sababu ya wateja. Nililiacha kwa mikono ileile iliyofundishwa kutoacha.

Sijui kama Mungu anapokea toba ya nusu. Mchungaji nikimwuliza atanipa jibu refu.

Kesho sifungui kibanda. Nitapanda Makumira asubuhi, nimwombe anipe gauni nilimalizie kabla doa halijakaza tena. Sitamtuma mtu wala sitapiga simu. Nitabisha hodi mlangoni kwake kama mtu mwingine yeyote mwenye shida. Na akikataa kunipa, nitasema asante, nirudi.